Pumzi ya Mzee Kashaija

Mzee Kashaija alikuwa amekataa, na akikataa yeye, basi, maneno yamekwisha. Evangelina, bintiye pekee aliyebaki nyumbani, alikuwa ameitwa Mwanza kufundishwa kazi ya kuandika programu za kompyuta. Cheti hakuwa nacho, aliishia darasa la saba. Alijifunza kwenye kompyuta ya ofisi ya misheni hapo Kaisho, alikokuwa akifagia, kwa kitabu alichoazimwa na Cassian, karani wa pale. Huko Mwanza hawakuuliza cheti, walitaka kuona kazi yake. Lakini kuondoka bila baraka ya babake, hilo hakuliweza.

"Kazi gani hiyo isiyoonekana wala kushikika?" mzee alisema. "Shule yenyewe hukumaliza."

Maneno yale yalimchoma. Akapiga moyo konde. Babake alifundisha kwaya ya Kilutheri tangu ujana mpaka kifua kilipomshinda, na ule wimbo wa jioni alioutunga mwenyewe bado aliuimba kitandani. Evangelina akauandikia programu, sauti moja moja.

Cassian akampakia mzee kwenye baiskeli hadi ofisini. Kompyuta ikatoa wimbo kwa sauti nyembamba kama ya filimbi.

"Haipumui," mzee akasema. "Akiimba mtu hivi, si atakufa?"

Alisema hivyo, lakini sikio alikuwa ameshalisogeza karibu na mashine. Evangelina akarudi kitini. Akaingiza kimya kila mahali babake anapovuta pumzi, kama alivyomsikia kila jioni kutoka chumba cha pili. Akabonyeza.

Mashine ikaimba kidogo, ikakatika. Ikaimba kidogo tena, ikakatika katikati ya mstari.

Mzee alikuwa amejitambua. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ugonjwa umefika hapo, na sasa amejisikia mwenyewe. Evangelina akaona alichokifanya, akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Nisamehe, Taata."

"Hiyo ni pumzi ya mgonjwa," mzee alisema polepole. "Umeisikiliza vizuri. Sasa weka ile ya zamani, uliyoisikia ukiwa mtoto."

Akaiweka huku machozi yakimtoka. Safari hii wimbo ulikwenda mpaka mwisho wa mstari ndipo ukapumzika. Mzee akaufuata kwa midomo, bila sauti, mpaka ukaisha.

"Nenda Mwanza," akasema. "Nenda kesho, kabla sijaanza kukuomba ubaki."