Dubu wa Ukutani

Mchoraji Gancho alipomchora dubu wangu Rada kwenye ukuta wa kilabu cha pombe katika kijiji cha Gorno Lipe, alikosea jambo moja: alimchora akiinua mguu wa kulia. Rada huanza na wa kushoto, tangu nilipomfundisha kucheza. Mimi nilichorwa vizuri, pamoja na zeze langu, ingawa masharubu yalipunguzwa.

Sikukuu ya Mtakatifu Georgi tukaingia kijijini kama kila mwaka, ili Rada awakanyage migongo wenye maumivu, kwani huko wanaamini uzito wa dubu ni dawa. Safari hii nilikuwa na hofu. Mwenyekiti wa kijiji alikwisha kunionya kwamba dubu asiye na kazi atapelekwa kufungiwa mjini, kwenye bustani ya wanyama, na Rada alikuwa amezeeka, nyonga zinamsumbua.

Bibi Tsona alilala kifudifudi kwenye nyasi mbele ya kilabu, wa kwanza kama kawaida yake. Rada akainua mguu wa kushoto. Bibi akageuza shingo, akautazama ukuta, akamtazama Rada, akainuka.

"Demko mwanangu, huyu umemtoa wapi? Dubu wetu anaanza na wa kulia."

Nikamwambia ndiye yuleyule aliyemkanyaga miaka kumi na tisa. Akajibu kwamba basi ndiyo maana mgongo haujapona. Akaenda kulala chini ya ukuta, miguuni pa picha. Wengine wakamfuata, na punde watu kumi na mmoja walikuwa wamejipanga pale kama magunia, wakiguna kwa zamu.

"Sasa piga zeze," Bibi akaniamuru. "Atachezaje kavukavu?"

Sijawahi kuupigia ukuta muziki. Lakini mwenyekiti alisimama mlangoni na daftari lake, nikapiga. Rada akasikiliza kidogo. Kisha akauvuta mnyororo uliofungwa kwenye mkanda wangu, akanikokota na zeze langu hadi ukutani, akajilaza kifudifudi kati ya Bibi Tsona na fundi viatu.

"Sogea huku, mwenzangu," Bibi akamwambia. "Hapo pana jiwe."

Mwenyekiti akaja, akamtazama Rada, akaniuliza ana kazi gani hapa.

"Huyu ni mgonjwa," Bibi Tsona akasema bila kuinua uso. "Utampelekaje mjini hajamaliza dawa?"

"Dawa yenyewe inachukua muda gani?"

"Mimi huu ni mwaka wa kumi na tisa, na bado."

Mwenyekiti akaandika: mgonjwa, bado yuko kwenye dawa.