Mlango wa Ukumbi wa Kiangazi

Mjini Yazd, mtu anayegawa nyumba wakati wa joto amejitafutia balaa mwenyewe. Lakini Mzee Rahmat alikufa katikati ya kiangazi, na arubaini yake ilipotimia wanawe wawili, Jamshid na dada yake Batul, wakaketi na mashahidi kwenye ukumbi wa kiangazi, chini ya mnara wa upepo, tikiti limepozwa majini, kila shingo inapepewa. Hapo nani angekumbuka baridi?

Jamshid alikuwa na mafungu mawili kwa moja la dada yake, akachagua kwanza. Akachukua ukumbi ule mrefu unaolipa jua kisogo, na chumba cha chini ya ardhi kilicho baridi kama kisima. Batul, aliyemuuguza baba miaka sita huku kaka yake akifanya biashara ya vitambaa Isfahan, akaachiwa vyumba viwili vya kipupwe ng'ambo ya ua, vyenye milango ya vioo inayotazamana na jua uso kwa uso. Tangu nyumba ijengwe, familia nzima ilikuwa ikivuka ua pamoja, joto likija upande huu, baridi ikija upande ule. Jamshid akatia kufuli kwenye upande wake.

"Dada, niuzie hivyo viwili yaishe," alisema. "Nitaweka mitambo yangu ya kufumia. Wewe nenda kwa Shangazi Turan, atakupa pa kulala. Humo utaiva kama mkate."

"Acha niive. Siuzi."

"Makomamanga hayatapasuka kabla hujaja kunipigia magoti."

"Basi yangojee, kaka. Tena yangojee kivulini, usije ukaungua."

Batul alikuwa na miaka arubaini na mitatu, hana mume wala mtoto. Akiuza, angekuwa mgeni wa watu mpaka siku ya kuzikwa, anaomba ruhusa hata ya kuchemsha chai. Wazo hilo halikumliza. Lilimchoma maini.

Akajikaza. Alikwenda jangwani na punda wa kuazima, akarudi na matita ya miiba ya ngamia, ile mimea mikavu ya jangwani, akaishindilia kwenye fremu za mbao na kuiegemeza milangoni. Kila saa akaimwagia maji, upepo ukipita humo unaingia umepoa kidogo. Kidogo tu, tusidanganyane. Mchana alikaa sakafuni na kitambaa chenye maji kichwani, akimlaani kaka yake kwa utaratibu, kuanzia kisigino kwenda juu. Majirani wakacheka. Muuza barafu akamwita Bibi Miiba.

Alasiri moja alikuwa juu ya paa akianika zabibu, karibu na mnara wa upepo. Mnara ule hushusha upepo, na sauti za chini huzipandisha. Akamsikia Jamshid anamwambia mkewe, Fakhri, "Wiki hii haimalizi. Amekonda, macho yamemtoka."

Batul akaingiza kichwa kwenye tundu la mnara. "Nimemaliza wiki saba, ewe mtoto wa Rahmat! Na hii naimaliza!"

Chini huko gilasi ikavunjika. Batul akacheka peke yake mpaka mbavu zikamuuma, na zabibu siku ile akazianika zote, hakubakisha hata shada.

Makomamanga yakapasuka, joto likaisha, naye yupo. Kisha upepo wa jangwani ukageuka.

Jamshid aliziba mnara kwa mbao na magunia, baridi ikapenya vilevile. Akanunua jiko la mafuta ya taa. Joto lote likapanda kwenye kuba refu la ukumbi na kukaa huko, wao chini wanatetemeka. Ng'ambo ya ua, jua la kipupwe liliingia kwa Batul tangu asubuhi hadi alasiri, likalala juu ya zulia. Naye alikuwa ametandika korsi yake, ile meza fupi yenye chetezo cha makaa chini na mfarishi mzito juu, miguu ndani, supu ya shalgamu pembeni.

Wa kwanza kuja alikuwa Fakhri, mtoto wa miezi miwili kifuani, kifua cha mtoto kinakoroma.

"Wifi, nimekuja kukuomba—"

"Hakuna cha kuomba. Ingia, mtoto anapata baridi."

Jamshid akafuata mchana, theluji nyepesi mabegani. Batul alisimama mlangoni, hakumpisha.

"Dada, tubadilishane. Chukua ukumbi, nipe hivi vyumba."

"Leo ndiyo unanipa ukumbi? Na kiangazi je?"

"Kiangazi tutazungumza."

"Basi njoo kiangazi."

Fakhri alicheka chini ya mfarishi, akajifanya anakohoa. Jamshid akautoa ufunguo wa kufuli. "Haya, shika. Fungua utakapo."

"Ufunguo una mwenzake mfukoni mwako. Nakujua tangu ulipokuwa ukimwibia mama sukari. Nataka mlango."

"Mlango gani?"

"Wa ukumbi. Ung'oe uniletee hapa. Kiangazi nitaingia kule bila kubisha hodi, na kipupwe wewe utaingia huku bila kubisha hodi, na watoto wako vilevile. Au rudi kwenye kuba lako."

"Watu watanicheka!"

"Mimi wamenicheka kiangazi kizima. Sikufa."

Jamshid alimtazama mkewe. Mkewe alitazama makaa.

Akaenda. Kwa saa nzima zikasikika nyundo na matusi. Kisha akatokea uani ameinama, ule mlango wa mti wa mkuyu mgongoni, anateleza, majirani wawili wamepanda ukutani kutazama. Akauegemeza mbele ya dada yake, akanyoosha mkono kuushika mfarishi.

"Na wa chumba cha chini," alisema Batul.

"Kesho, dada. Mikono imekufa ganzi."

"Leo."

Jamshid akashusha pumzi, akaokota nyundo, akarudi kwenye theluji. Batul alimtazama mpaka alipofika ng'ambo, bado ana hasira naye, hasira kamili isiyopungua. Kisha akachochea makaa, akamwambia Fakhri asogee ili ibaki nafasi ya mtu mmoja zaidi.