Vijiko Sita

Mhariri alimwita Mashine, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Waandishi wengine wa blogu walikaa wakingoja wazo liwajie. Yeye alifunga mlango asubuhi, akaandika makala mpaka mwisho bila kuinua kichwa. Siri yake ilikuwa ndogo tu. Akifika pahali asipojua jambo, hakusimama kulitafuta. Aliweka lolote lililomjia, akalipaka rangi ya njano, akasonga mbele. Baadaye alizirudia zile njano, akahakiki moja moja. Kusimama katikati, alikuwa akisema, ndiko kunakoua kazi.

Asubuhi moja, kazi ikiwa imeshakolea, alifungua tovuti ya afya anayoiandikia ili aitazame makala yake mpya, ile ya kumhudumia mtoto mwenye homa nyumbani. Aliisoma kwa kujisikia kidogo, kama mtu anayejitazama kwenye kioo cha duka. Akafika kwenye dawa ya maji. "Mpe mtoto vijiko 6."

Akaisoma tena. Sita ilitoka wapi? Alijua vizuri ilikotoka. Ilitoka kidoleni, kwa sababu kidole kilikuwa karibu na kitufe cha sita. Aliipaka njano, hilo angeapa. Ila jana alikuwa na pupa ya kuanza makala nyingine, akaituma hii kabla ya kuhakiki. Na tovuti haijui njano wala bluu. Ukishabandika maandishi pale, rangi zote zinapotea, na la kubahatisha linakaa sawa na la kweli.

Alimpigia mhariri. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, na hapo akakumbuka jambo jingine. Alikuwa ameituma makala hiyo kwenye kundi la familia, kwa mbwembwe zote, na wifi yake, mke wa kaka yake, alijibu kwa alama ya dole gumba na maneno haya: "Imekuja wakati wake, wifi. Mtoto amechemka tangu jana."

Akampigia wifi. Hapatikani.

Alitoka mbio na kandambili, mguu mmoja ya kwake, mwingine ya jirani. Fundi viatu alimsalimia, hakuitikia. Muuza vocha akamuuliza moto unawaka wapi. Nyumba ya kaka yake haikuwa mbali, lakini leo barabara ilikuwa imerefuka makusudi. Aliogopa, na alichoogopa zaidi ni kukuta watu wamejaa mlangoni.

Mlangoni hapakuwa na mtu. Ndani kimya. Mtoto alikuwa amelala kwenye kochi, kitambaa chenye maji kimemkaa kwenye paji la uso. Mezani palikuwa na chupa ya dawa na kijiko kilicholowa.

"Wifi! Umempa dawa?"

"Si nimempa sasa hivi. Mbona unahema hivyo, umekimbizwa na mbwa?"

"Vijiko vingapi?"

"Kimoja, kama alivyosema daktari." Wifi alimkodolea macho, kisha akaangua kicheko. "Ulidhani nafuata makala yako? Wewe unayeunguza maji ya chai, unifundishe kulea? Nilikuwekea dole gumba usijisikie vibaya. Hata sikuifungua, wifi."

Hajawahi kudharauliwa akafurahi kiasi kile. Alikaa sakafuni, akaushika unyayo wa mtoto. Ulikuwa wa moto, na ukamkwepa.

"Shangazi, unanitekenya."

Simu ikaita, akaipokea kwa spika. Mhariri.

"Mashine! Nilikuwa kikaoni. Umeona makala yako inavyosambaa?"

"Bosi, ifute! Kipimo cha dawa si chenyewe. Sita niliiweka tu. Ifute sasa hivi!"

Alisikia vitufe vikigongwa upesi. "Nimefuta. Imeondoka yote. Sasa yule mama?"

"Mama gani?"

"Kuna mama aliacha maoni chini ya makala. Nimeyasoma nilipotoka kikaoni, nikafurahi kabisa. Anakushukuru. Anasema amewapa watoto wake pacha dawa kama ulivyoelekeza, na sasa wamelala fofofo, hata akiwaita hawaitiki."

Wifi aliacha kucheka.

"Mjibu!" Mashine alipiga kelele. "Mwambie awakimbize hospitali!"

"Nimjibu wapi? Jina alijiita Mama Pacha, basi. Na maoni yameondoka na makala."

Mtoto kwenye kochi akageuka upande. Shangazi yake aliomba makala irudishwe, irudishwe na onyo juu yake, na mhariri akajibu kwamba ndiyo anayojaribu, inagoma. Basi akaanza kuandika onyo lenyewe kwenye simu, kwa kichwa kile kile cha makala, ili yule mama akirudi alikute. Aliandika neno, akasimama. Akaliangalia kama ni kweli. Akaandika lingine, akasimama tena.

"Harakisha, wifi," mke wa kaka yake alimwambia. "Harakisha."