Alilokuja Nalo Atupele

Simu ilitikisika mfukoni mwa Mwalimu Fausta alipokuwa akikagua kucha za wanafunzi wa darasa la nne, katika shule ya msingi ya Mpemba. Akaichungulia. Ujumbe ulitoka bima ya afya, nao ulikuwa mkavu kama matangazo yote ya ofisini: mtegemezi wake, Atupele, amepata huduma leo katika hospitali ya misheni iliyo nje kidogo ya Vwawa. Huduma gani, haukusema. Mtoto aliyekuwa mbele yake alibaki ameinyoosha mikono, asijue kama kapita ukaguzi au kashindwa.

Atupele alikuwa bintiye wa pekee, mwenye miaka ishirini, mwanafunzi wa chuo cha kilimo huko huko Vwawa. Fausta alimlea peke yake tangu baba wa mtoto alipofariki, na ulezi wake ulikuwa wa kuku mwenye kifaranga kimoja: kivuli cha mwewe kikipita tu, bawa limeshakunjuliwa. Alimpigia papo hapo.

“Niko darasani, mama,” binti alijibu kwa sauti isiyo na doa. “Nitakuja Jumamosi.”

Sauti hiyo tulivu ndiyo iliyomnyima Fausta usingizi. Kesho yake aliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, akapanda basi, akayapita malori yaliyopanga foleni kuelekea mpakani, moyo wake ukitangulia kila kona. Hakuwa na shaka kwamba angejibiwa. Muuguzi mkuu wa hospitali ile alikuwa Enesi, rafiki yake tangu wakiwa bweni moja, mwanamke aliyemdaka Atupele kwa mikono yake siku alipozaliwa.

Enesi alimpokea kwa kicheko na chai. Fausta hakuigusa.

“Mwanangu anaumwa nini?”

Kicheko kilizimika taratibu. Enesi aliinuka, akafunga mlango, akarudi kuketi.

“Mwulize yeye, Fausta.”

“Nakuuliza wewe.”

“Nami nakujibu. Ni mtu mzima. Alilokuja nalo hapa ni lake.”

“Bima ni yangu, Enesi! Inakatwa kwenye mshahara wangu.”

“Bima inalipia matibabu. Hainunui siri ya mgonjwa.”

Fausta aliinama mbele, sauti ikashuka na kuwa ya kubembeleza. “Ni mimba? Nitajie tu. Au ni ule ugonjwa mkubwa? Basi usiseme. Tikisa kichwa, inanitosha.”

Enesi hakutikisa. Bali aligeuza kiti chake, akalielekea dirisha, akawa anaitazama mibuni iliyoteremka bondeni. Fausta alimwelewa. Rafiki yake alikuwa anauficha hata uso, asije akasomwa machoni na mtu aliyeyajua macho yale tangu utotoni. Uelewa huo ukamchoma kuliko kufukuzwa.

“Basi kama ni hivyo,” alisema akiinuka, “undugu wetu umeishia hapa.”

“Itaniuma,” Enesi alisema bila kugeuka. “Itaniuma sana, Fausta. Lakini sitasema.”

Fausta alitoka akipepesuka kwa hasira. Njia ya kwenda kituoni ilipita ubavuni mwa wodi ya wazazi, na hapo miguu yake ikapunguza mwendo yenyewe. Katika wodi hiyo, miaka mingi nyuma, mimba yake ya pili iliharibika. Aliyemwosha alikuwa Enesi. Aliyemshika mkono alikuwa Enesi. Mama mkwe alikuja juu, akamzonga muuguzi yule kijana kwa maswali, akitaka kujua mke wa mwanawe amefanya nini. Akaondoka mikono mitupu. Hadi leo hakuna mtu wa ukoo ule aliyewahi kumtupia Fausta neno, na Fausta alikuwa amelala juu ya ukimya huo kama mtu alalavyo juu ya godoro, bila kujiuliza nani alilishona.

Alisimama pale hadi hasira ikamwishia mwilini kama maji yanavyoishia mchangani. Kilichobaki kilikuwa kitu kizito na safi, na alipokitafutia jina akagundua kwamba ni heshima. Kinywa kilichomfungia mlango leo ndicho kilichomlinda jana. Kingewezaje kuwa na funguo mbili? Alitoa simu, akamwandikia Enesi: “Nisamehe. Chai yako nitakuja kuinywa.”

Jumamosi Atupele alifika na kapu la parachichi. Fausta alipika maharage na ndizi, akauliza habari za masomo, za mvua, za jiko la bwenini. Swali lenyewe lilimpanda kooni mara kwa mara, naye akalimeza kila mara, na kila lilipomezwa lilikuwa na miiba zaidi. Walikuwa wanakosha vyombo uani binti aliposema:

“Mama, ujumbe wa bima ulikufikia?”

“Ulinifikia.”

“Mbona huniulizi?”

“Nilikwenda kumwuliza Enesi. Hakuniambia kitu.”

Atupele akacheka kidogo, machozi yakiwa karibu. “Nilimwambia mama mdogo Enesi kwamba utakwenda. Akasema, ‘Mwache aje.’”

Aliiweka sahani chini. “Nilianguka, mama. Mara ya kwanza shambani, ya pili maktabani. Wamenipima. Ni kifafa. Nimeanza dawa, na daktari anasema wengi wakizifuata wanatulia, wanasoma, wanafanya kazi. Sikukuficha kwa ubaya. Ningekuambia siku ile, ungekuja kunichukua jioni ile ile. Nilitaka niujue ugonjwa wangu mimi kwanza.”

Ni kweli, angekuja. Hata sasa maneno yalikuwa yamejipanga mdomoni: rudi nyumbani, chuo kitasubiri, nitalala chumba kimoja nawe. Fausta alimtazama binti huyu aliyeketi mbele yake, mikono imejaa povu, aliyeingia peke yake katika chumba cha daktari na kutoka akiwa amebeba jina zito namna ile bila kuliangusha. Alikuwa ameupata wapi ujasiri huu?

“Kikikushika nikiwa karibu,” alisema hatimaye, “nifanye nini?”

Atupele hakulitarajia swali hilo. Aliifuta mikono kwenye khanga, akaingia ndani, akatoka na mkeka, akautandika kivulini mwa nyumba. Kisha akajilaza chali.

“Usinishike kwa nguvu. Usinitie kitu mdomoni, hata kijiko. Legeza nguo shingoni. Mtetemeko ukiisha, nilaze kiubavu.”

Fausta alipiga magoti. Akamlegezea kola, akaweka kiganja kimoja begani, kingine kiunoni, akavuta.

“Polepole, mama,” Atupele alisema, macho yamefumbwa. “Rudia tena.”

Akarudia.