Mchanga wa Henry

Lori lilirudi kinyumenyume hadi karibu na dirisha la chumba alimolala mke wangu, likamwaga mchanga. Kamene akainua kichwa.

"Mumo, tunajenga nini?"

Nje, kaka yangu Henry alikuwa akiamuru simenti iwekwe mahali pakavu. Na hili ndilo linaloniuma mpaka leo: nilitoka, nikashika sepetu, nikamsaidia kusogeza mchanga wa kaburi la mke wangu aliye hai.

Ilikuwa Oktoba 1999, huku kwetu Mwala. Wiki mbili nyuma daktari alikuwa ametuambia saratani imefika kwenye ini, tumrudishe nyumbani. Tangu hapo jamaa zangu walimzungumzia Kamene mbele yangu kama mtu aliyekwisha kuondoka. Henry hakuwa mtu mbaya. Kaburi la baba lilididimia wakati wa mvua za Elnino na hakutaka aibu ile tena.

"Lori lilikuwa linakuja huku," aliniambia. "Ni kujipanga tu."

Alipokwenda zake nilimweleza Kamene ukweli, nikalia kwa kwikwi. Yeye alicheka mpaka akakohoa.

"Niitie Munyiva," akasema.

Munyiva alikuwa mwenyekiti wa mwethya yao, wanawake kumi na wanne waliosaidiana kazi za mashamba na nyumba kwa zamu. Zamu ya Kamene ilikuwa bado, naye alitaka tangi la maji ya mvua. Tangu augue, mimi ndiye niliyekwenda mtoni na punda, nikamwacha peke yake nusu siku nzima.

Walifika asubuhi yake na sepetu, karai na waya wa kuku. Hakuna aliyempa pole. Walimtoa nje na kiti chake, wakamfunika shuka, naye akaanza kuwasumbua.

"Huo ni uji, si simenti! Nzembi, ongeza mchanga!"

"Nyamaza, mgonjwa," Nzembi akamjibu, na wote wakacheka. Mimi pia nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu hospitali.

Siku ya tatu Henry akatokea. Alilitazama tangi lililofika kifuani, kisha akanitazama mimi.

"Mumo, hii simenti ilikuwa ya kazi gani?"

Karai zikatulia. Maisha yangu yote sikuwahi kumpinga kaka yangu.

"Hapa kuna mgonjwa," nikasema. "Hakuna maiti. Mambo ya maiti peleka kwako."

"Na siku ikifika?"

"Ikifika, shemeji, mtanifunika na mchanga wa shamba," Kamene akamwambia. "Saa hii niko na kiu. Vua koti, ushike karai."

Henry akavua koti, akakosa pa kuliweka, Munyiva akampokea.

Mvua ilianza katikati ya Novemba. Kamene alikaa nasi hadi Februari, na siku hizo zote sikwenda mtoni hata mara moja.