Kilo za Winfrida

Mchana wa jana, Jumapili, niliota nikiwa nimekaa kwenye kiti, shavu limelalia meza na kompyuta ya zahanati ikiwaka mbele yangu. Nataja kiti mapema kwa sababu wapo watakaosema nilishiba ugali nikalala fofofo. Sikushiba. Nilichoka, na uchovu wenyewe nilijitafutia.

Mimi ni muuguzi, naitwa Domitila. Kliniki ya watoto hapa kwetu nimeiendesha miaka ishirini na mbili kwa kalamu na daftari kubwa. Mwezi uliopita mganga mfawidhi alitangaza kwamba sasa uzito wa watoto utapelekwa wilayani ukiwa kwenye kompyuta, na kwamba labda atafutwe kijana wa kuniandikia. Nikamwambia watoto wangu hawaandikwi na mtu mwingine. Nitajifundisha.

Na nimejifundisha. Mtandaoni kuna mwalimu mmoja ambaye sura yake sijawahi kuiona. Kwenye simu unasikia sauti tu, na unaona mshale wake mweupe ukizunguka. Bando haliokotwi, kwa hiyo kila somo nalitazama mara moja, huku nikiandika yote anayosema, hata akikohoa. Ndiyo maana hatua ya kwanza kwenye kila ukurasa wa daftari langu la masomo inasema: "Karibu tena ndugu mtazamaji, kabla hatujaanza bonyeza kengele." Kengele yenyewe sijawahi kuibonyeza. Nilidhani ni salamu.

Jana baada ya misa nilimaliza kuingiza watoto wote mia mbili na kumi na nne, majina safu ya kwanza, kilo safu ya pili. Leo saa mbili asubuhi orodha ilitakiwa iende wilayani, na watoto ambao uzito wao uko chini ya mstari mwekundu wa kadi ya kliniki waitwe kwa majina kuja kuchukua unga wa lishe. Ambaye orodha haimtaji haitwi.

Likabaki somo la kupanga majina kwa alfabeti. Mwalimu alikuwa anasema, "Kabla hujabonyeza endelea, hakikisha..." bando likakata. Kwenye kompyuta kikatokea kisanduku kikiniuliza jambo kwa Kiingereza. Nikabonyeza panaposema endelea, maana mimi si mtu wa kuishia njiani. Majina yakajipanga vizuri kabisa, A mpaka W, maana mwenye Z hatuna. Ilikuwa saa sita mchana. Nilijisifu peke yangu, nikala, nikarudi kuyatazama tena yale majina, nikaegemea meza.

Nipo kliniki. Akina mama wamekaa kwenye mabenchi. Mizani ya kuning'iniza ipo pale pale, ile yenye uso wa saa na kaptula ya turubai. Anaingia Mama Abihudi ameshika ncha ya kanga, na upande wa pili wa kanga, karibu na dari, anaelea Abihudi, mwaka mmoja na miezi miwili, mashavu yamejaa, anakula andazi.

"Shikamoo nesi."

"Marahaba. Mtoto hajambo?"

"Hajambo, ila hatulii chini."

"Tangu lini?"

"Tangu saa sita."

Makombo ya andazi yanaanguka sakafuni kwa kishindo. Ni mazito kuliko yeye. Namwambia amfunge kwenye mguu wa benchi asubiri zamu yake, naye anafunga fundo zuri tu.

Nyuma yake linaingia toroli. Linasukumwa na Mama Winfrida na majirani wawili, gurudumu limelala kwa mzigo. Ndani yake yupo Winfrida, miezi minane. Mikono yake ni myembamba, shingo ni nyembamba, na soksi zake za sufi za njano zimeshuka mpaka kwenye visigino kwa kukosa pa kushika. Mama yake anacheka huku jasho linamtoka.

"Nesi, mwanangu amenenepa."

"Amekula nini?"

"Hajala kitu. Ameongezeka tu, saa sita mchana."

Tunamwingiza kwenye kaptula watu wanne. Mizani inakohoa. "Kilo kumi na moja nukta nane," inasema.

"Mtazame vizuri," naiambia.

"Nimemtazama kabla yako," inasema mizani. "Domitila, miaka ishirini na mbili nakubebea watoto. Nimewahi kukudanganya?"

"Hujawahi."

"Leo nimeambiwa nidanganye. Na aliyeniambia ni wewe."

Nikageuka kuchukua kadi ya mtoto, na zahanati haikuwepo tena, wamebaki akina mama na mabenchi yao tu. Nilikuwa kwenye ukumbi mkubwa usio na kuta, sakafu yake imechorwa miraba mpaka macho yanapokomea. Kwenye kila mraba alikaa mtoto mmoja, na kwenye mraba wa jirani yake kulikuwa na kiroba kimefungwa kamba. Nikajua bila kuambiwa kwamba kwenye viroba mlikuwa na kilo zao.

Mlangoni, mlango ambao haukuwa na ukuta, ukaingia mshale mweupe wenye kimo cha mtu mzima. Uliingia kwa ubavu ili usigonge fremu.

"Karibu tena ndugu mtazamaji," ukasema, kwa ile sauti ninayoijua.

"Shikamoo mwalimu. Nimefanya nini?"

"Swali zuri. Tutazame kwa vitendo."

Mshale ukagusa mraba wa juu. Watoto wote wakasimama, hata wale wa wiki mbili, wakaanza kutembea kwa mstari, A mbele na W nyuma, wala hawakusukumana. Viroba vilibaki pale pale. Abihudi, niliyemwandika wa mwisho kabisa daftarini, alikwenda kukaa mbele kabisa, kwenye kiroba cha kitoto kilichozaliwa majuzi. Winfrida alitembea mpaka mwisho wa ukumbi, akakaa kwenye kiroba kikubwa alichokiacha Abihudi. Hakuna aliyelia. Walikaa juu ya kilo za wenzao wakanitazama.

Niliona aibu. Orodha hiyo ikienda, jina la Winfrida lingeonekana na kilo za mtoto aliyeshiba, na hakuna ambaye angemwita.

"Mwalimu, nisaidie," nikasema.

"Kabla hujabonyeza endelea, hakikisha..." ukasema mshale, ukanyamaza. Juu ya ncha yake kikatokea kiduara, kikaanza kuzunguka.

Tukasubiri. Akina mama wa kliniki wamezoea kusubiri, hakuna aliyeguna. Mmoja akatoa kitambaa chake akaendelea kufuma. Kiduara kinazunguka.

"Hatua ya kwanza," ikasema sauti kutoka kwapani kwangu. Lilikuwa ni daftari langu la masomo.

"Ipi?"

"Hiyo uliyoiandika kurasa zote. Unairuka tangu somo la kwanza. Mimi nimenyamaza kwa heshima tu."

Kengele ipo ukutani, ingawa ukuta haupo. Naibonyeza. Inalia kama kengele ya baiskeli ya baba yangu wa ubatizo. Kiduara kinasimama.

"...hakikisha umechagua safu zote mbili," ukamalizia mshale, "ili jina likiondoka liondoke na kilo zake. Ukikosea usiogope. Bonyeza kontroli na zedi kabla hujafunga faili, yote yatarudi yalivyokuwa. Asante kwa kutazama." Ukatoka kwa ubavu.

Miguuni kwangu vitufe hivyo viwili vilikuwa vimeshachomoza sakafuni, kila kimoja na ukubwa wa kigoda. Niliponyanyua mguu, Mama Winfrida akanishika mkono. Alikuwa ameshamnyanyua mtoto kutoka kwenye kiroba na kumbeba, magoti yamejipinda kwa uzito.

"Nesi, nakuomba. Mwache hivi hivi."

"Mama Winfrida, hizi si kilo zake."

"Najua. Mimi ndiye ninayemwogesha, nitakosaje kujua? Lakini sijawahi kumbeba akawa mzito. Niache nimbebe mpaka jioni."

Nilitaka kulia nikalia, kidogo, maana zamu ilikuwa haijaisha.

"Akibaki na uzito wa mwenzake," nikamwambia, "kesho hakuna atakayemwita. Nataka aitwe. Kilo nyingine tutamwongeza wenyewe, kijiko kwa kijiko."

Alimtazama mwanawe muda mrefu. Kisha akajikaza, akamkumbatia kwa nguvu zote, akatikisa kichwa kukubali.

Nikasimama juu ya vitufe vyote viwili.

Watoto wakanyanyuka wakatembea kinyumenyume. Abihudi alirudi akakaa kwenye benchi lake, nalo likavunjika kwa uzito wake, andazi halikumtoka. Na Mama Winfrida, aliyekuwa amejikaza kubeba kilo kumi na moja na zaidi, akabaki ghafla na tano na kitu, na mikono yake mwenyewe ikamrusha mtoto juu. Nikaruka nikamdaka mguu. Soksi ikateleza, ikanibaki mkononi. Nikaamka.

Ilikuwa saa tisa alasiri. Faili lilikuwa bado liko wazi. Niliangalia mstari wa mwisho: Winfrida Kitundu, kilo 11.8. Nikabonyeza kontroli na zedi. Majina yakaruka, kila moja likarudi kwake. Kompyuta nilikuwa siiamini tena, kwa hiyo nilifungua daftari kubwa la kliniki, na humo, kwa mwandiko wangu na kwa kalamu nyekundu: Winfrida Kitundu, miezi minane, kilo 5.1.

Nilichagua safu zote mbili, nikapanga upya, nikapitia majina mia mbili na kumi na nne, moja baada ya jingine, mpaka jua likaanza kushuka. Kisha nikapiga simu.

"Mama Winfrida, mtoto hajambo?"

"Hajambo, nesi, ndiyo kwanza ameamka. Nilikuwa nasubiri kuitwa kama ulivyonielekeza."

"Ndiyo nakuita. Kesho saa mbili uwe hapa, wa kwanza."

Akaitikia. "Alilala mchana mzima, sijui alikuwa anaota nini, maana alirusha miguu, nesi. Soksi moja hatuioni mpaka sasa. Tumegeuza kitanda kizima."

Hapo ndipo nilipotambua kwamba tangu niamke nilikuwa nafanya kazi kwa mkono mmoja. Nikaukunjua wa kushoto.

"Ya njano?" nikauliza.