Programu ya Laure Imegoma Kushuka

Toussaint alijua simu. Usimuulize alijifunzia wapi. Maishani mwake alikuwa amefungua redio mbili, moja akafaulu kuifunga tena, na tangu hapo mtaa mzima wa Rugenge haukuwa na fundi ila yeye, kwa maneno yake mwenyewe. Kwa hiyo Alhamisi jioni, programu ya binti yake ilipogoma kushuka kutoka mtandaoni na mkewe Georgette akasema tu, "Papa Laure, si uipeleke simu kwa Cyprien aliyekuuzia?", alimtazama kama mtu aliyetukanwa mbele ya wakwe.

"Minye Toussaint nishindwe na kasimu ka mutoto?"

Basi sawa. Tukae tuone.

Laure alikuwa na miaka kumi na miwili. Homa ya uti wa mgongo ilimpata akiwa na minane, ikaondoka na masikio yake. Kusema anasema, na kusoma anawashinda wenye masikio yao, ila darasani mwalimu akigeukia ubao, kwake somo limekwisha. Mwalimu huyo, Madame Ernestine, ndiye aliyemwandikia kwenye karatasi jina la programu moja: mtu anaongea, yenyewe inaandika maneno yake kwenye kioo cha simu, mtoto anasoma. Chini akaongeza kwa wino mwekundu kwamba Jumatatu ataanza kuwapima, na Laure asipoweza kufuata atarudishwa darasa la nne, akakae na watoto wa miaka tisa. Laure aliisoma karatasi ile mara moja tu, akajifungia chumbani akalia.

Haya, fundi akaingia kazini. Kwenye kioo kulikuwa na kiduara kinachozunguka na neno moja: *Inasubiri*. Toussaint akazima, akawasha. Inasubiri. Akatoa laini, akaifuta kwenye shati, akairudisha. Inasubiri. Akatangaza kwamba simu imejaa, na bila kumuuliza mwenye simu akafuta picha zote, mia tatu na kitu, pamoja na za bibi yake wa Makobola aliyezikwa mwaka jana. Laure alipiga ukelele mmoja. Baba akampungia mkono: tulia, watu wanafanya kazi. Na programu je? Inasubiri, bwana.

Jumamosi asubuhi akagundua ugonjwa: ni rezo, yaani mtandao. Akamshika mtoto mkono, wakashuka hadi ziwani, eti kule hewa ni safi. Simu ikanasa rezo ya ng'ambo, ikawatumia ujumbe mtamu wa kuwakaribisha Burundi, ikala vocha yote. Toussaint akalitukana ziwa zima. Akanunua vocha nyingine, wakapanda kilima nyuma ya mji, jua la saa sita utosini, kutafuta rezo ya nyumbani. Kule juu rezo ilijaa hadi mwisho, na programu ikaendelea kusubiri. Njia nzima mdomo wake haukupumzika. Aliwalaumu waliotengeneza simu, akamlaumu Madame Ernestine na wino wake, akamlaumu na mtoto kwa kubonyezabonyeza ovyo. Yote hayo alimwambia mtu asiyesikia, tena akiwa amempa mgongo, na wala hakuona ajabu.

Saa tisa kiburi kilichoka. Wakaingia mtaa wa Kimanga, kwenye kibanda cha Cyprien, mwanamume mnene mpole aliyezungukwa na simu za watu. Cyprien akaitazama ile simu kwa muda wa kupiga chafya.

"Papa Laure, haiko mubaya. Iko inangoja ruhusa ya muzazi."

"Muzazi gani? Si minye huyu hapa?"

Cyprien akajikuna kichwa. "Humu ndani, muzazi ni minye."

Ebu! Cyprien akamkumbusha taratibu. Siku ile ya kununua, Papa Laure alikuwa ametoka kusikia kanisani kwamba simu zinaharibu watoto, akaagiza ifungwe kama simu ya mtoto, isishushe kitu bila ruhusa ya mzazi. Alipoulizwa adresi yake ya barua pepe na neno lake la siri, mheshimiwa alijibu nini? "Weka yako tu, minye sina muda na hayo." Na asidhani yuko peke yake. Hapo wateja wote ndivyo walivyo: unanunua simu, muuzaji anafungua kila kitu kwa jina lake, unaenda zako. Cyprien alikuwa na familia nane ndani ya simu yake, watoto watano kila moja. Watoto arobaini, na hakuna padri aliyebariki ndoa hata moja.

"Wananiomba michezo usiku na mchana," akasema Cyprien kwa aibu. "Nimeacha kuangalia." Akapekua. "Huyu ameomba mara kumi na moja tangu Alhamisi."

Toussaint akashusha sauti. "Basi... umuruhusu mutoto."

"Wako ama wangu?" Cyprien akacheka. Toussaint hakucheka. Cyprien akaandika neno lake la siri, na ile programu iliyotembezwa ziwani na kilimani ikashuka kabla hajaweka simu mezani.

Laure akaifungua. Cyprien akamwambia, "Jumatatu uende shuleni bila woga," na maneno yakajipanga kwenye kioo. Uso wa mtoto ukachanua. Akageuka, akaiinua simu hadi kwenye midevu ya baba yake.

"Papa, sema."

Toussaint, aliyekuwa ameongea tangu jogoo, akakikodolea macho kioo kitupu. Miaka minne sasa alikuwa akizungumza na binti yake kwa mkono tu: njoo, kaa, tulia. Aanzie wapi? Kwenye picha za bibi? Akashika swali la kwanza lililokuwa karibu.

"Umekula?"

Kioo kikaandika. Laure akasoma, akamtazama baba yake, akajibu kwa ile sauti yake ya juu ambayo yeye mwenyewe haisikii.

"Hapana. Nilikuambia kule ziwani niko na njaa. Nilikuambia tena kule kilimani."

Cyprien akainamia simu za watu, akajifanya anatafuta bisibisi.